Farasi 12 wa Kariobangi

Pikipiki ya safari, kama inavyofafanuliwa katika majarida ya nchi tajiri, ni chombo chenye injini ya sisi 1,000 au zaidi, kiti kipana kinachokaribia kuwa kochi, kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ya kufungwa kwa ufunguo, na kwa kawaida mwenyewe ni mstaafu anayevuka nchi tatu bila kulazimika kueleza anakwenda kumwona nani. Sisi, neno ambalo hapa halina uhusiano wowote na nafsi ya kwanza wingi, ni jina ambalo watu wa barabarani wameipa sentimita ya ujazo, yaani kipimo cha nafasi inayofagiwa na pistoni ndani ya silinda inapopanda au kushuka. Katika mtaa wa Kariobangi, upande wa mashariki wa Nairobi, ufafanuzi huo wa majarida hauna pa kukaa, kwa sababu pikipiki ya safari ya mtaani ni ile ile inayobeba abiria na mitungi ya gesi kwa miezi 11, kisha Desemba ikifika hufungwa sanduku la mbao nyuma, gunia juu ya sanduku na blanketi juu ya gunia, ikaelekezwa magharibi, kwa wazazi, umbali wa kilomita mia nne hivi, bila mtu yeyote kuiuliza kama ina habari.

Pikipiki za aina hii zilienea nchini Kenya hasa baada ya serikali kuondoa kodi kwa zile zisizozidi sisi 250 mwaka 2008, na miongoni mwa zilizoenea zaidi ni Bajaj Boxer ya modeli ya BM150, ambayo licha ya jina lake ina sisi 144.8, hizo nyingine zikiwa ni za heshima tu. Kiwanda huipa nguvu ya farasi wapatao 12. Farasi kama kipimo cha nguvu alianzishwa na James Watt, mhandisi wa Uskoti wa karne ya 18 aliyehitaji kuwaeleza wateja injini yake ya mvuke ingechukua nafasi ya wanyama wangapi, na farasi mmoja ni sawa na takriban wati 746. Ni vyema msomaji awahesabu farasi hawa tangu mwanzo, maana kisa chote cha kuongeza nguvu kwa bei nafuu ni kisa cha farasi wanaoingizwa kwa mlango na kutokea dirishani.

Jambo la kwanza linalopaswa kueleweka, na ambalo muuzaji hana sababu ya kulitaja, ni kwamba farasi 12 wa kiwandani ni farasi wa pwani. Injini ya petroli ni mla hewa kuliko mla petroli, kwani ili gramu moja ya petroli iungue sawasawa zinahitajika takriban gramu 14.7 za hewa, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, ambako kanieneo ya hewa ni kama nne kwa tano ya ile ya Mombasa, kwa hiyo farasi wawili hubaki wakiogelea Likoni na kumi tu ndio wanaofika Kariobangi. Anayeelekea magharibi kupitia Eldoret hana budi kupanda hadi Timboroa, ambako reli yenyewe hufikia kimo cha mita 2,784, na pale hesabu huonyesha wamesalia wanane na nusu, huyo nusu akiwa ndiye aliyebebeshwa gunia.

Mmiliki anayechunguzwa katika insha hii, mpangaji wa ghorofa ya nne katika ploti moja ya Kariobangi, hakuijua hesabu hiyo kwa njia ya vitabu. Aliijua kwa njia ya lori. Katika mpando wa kuelekea Timboroa, akiwa amelala kifua juu ya tangi ili kupunguza upepo na amekaza mkono wa mafuta hadi mwisho wake, alipitwa taratibu mno na lori lililobeba makreti ya chupa tupu, taratibu kiasi cha kumpa utingo aliyeketi juu ya mzigo muda wa kutosha kuamkia, kuuliza habari za Nairobi na kisha kusema kwa upole wa kweli, "Kiongozi, tukufungie kamba?" Dharau humpa mtu hasira, na hasira ni nguvu ya aina fulani, huruma haimpi mtu kitu. Aliporudi mjini Januari alikuwa ameshaamua kwamba pikipiki lazima iongezwe nguvu, na kwa kuwa ilikuwa Januari, lazima iongezwe bila pesa.

Kariobangi, kwa bahati nzuri au mbaya, ndipo mahali ambapo azma ya namna hiyo hukutana na vifaa. Eneo la viwanda vidogo la mtaa huu, linaloitwa Light Industries hata na wasiojua neno jingine la Kiingereza, ni mahali ambapo injini hufunguliwa, mashine za kusaga nafaka huundwa, vyuma hukerezwa kwa mashine ambayo mafundi huiita lethi, na alumini chakavu huyeyushwa na kumiminwa upya kuwa sufuria. Spea ambayo haipo huko hutafutwa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, na isiyokuwepo Grogan huchongwa. Lakini kabla ya fundi kuna steji, yaani kituo cha waendesha boda boda, na kila steji ina baraza lake la wazee, ambao katika steji hii mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 29. Baraza lilikaa, likasikiliza habari ya lori kwa masikitiko yaliyochanganyika na kicheko, na likatoa maagizo manne, kila mjumbe agizo lake.

Mjumbe wa kwanza alisema tatizo ni ekzosi. Ekzosi, ambayo ndiyo bomba la kutolea moshi, ina ndani yake vizibo na vyumba vya kumeza sauti, na nadharia ya steji ni kwamba vitu hivyo huinyima injini pumzi, hivyo vikitobolewa farasi watakohoa vizuri na kukimbia. Nadharia hiyo haikosi chembe ya ukweli kwa pikipiki za mashindano, ambazo bomba lake hupimwa urefu na upana ili mawimbi ya moshi yasaidie kuvuta hewa mpya, lakini bomba lililotobolewa kwa nondo iliyochomwa moto halijapimwa chochote. Farasi hawakuongezeka hata mmoja. Kilichoongezeka ni mlio, na kwa kuwa mlio huingia kwa mmiliki kupitia masikio na uti wa mgongo kwa wakati mmoja, yeye mwenyewe aliapa kwamba pikipiki imepata kasi, mpaka alipoangalia kipima mwendo.

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, lakini ploti ina keyateka, yaani mwangalizi wa jengo, na keyateka ndiye aliyekuja mlangoni jioni ya siku ya tatu. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wa ghorofa zote sita huamka saa kumi na nusu alfajiri, wakati mmiliki anapotoka. Mmiliki aliahidi kurekebisha na, kwa mara ya kwanza katika mradi huu, alitimiza: alirudisha ekzosi nzima ya mtumba. Kesho yake wapangaji watatu walichelewa kazini, akiwemo mama mmoja wa ghorofa ya chini aliyepanda ngazi zote kumwuliza kwa uchungu ni nani aliyemruhusu kuondoka kimyakimya, wakati yeye alishaiuza saa yake ya kengele.

Agizo la pili lilihusu kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Ndani yake kuna jeti, kijipande cha shaba nyeupe chenye tundu jembamba ambalo kiwanda hulipima kwa sehemu za mia za milimita, na fundi wa kwanza alilipanua kwa sindano ya kushonea magunia, akiinua jeti kila mara kwenye mwanga wa jua na kuitazama kwa jicho moja kama mtu anayekagua almasi. Wakati huo huo alitoa kichujio cha hewa, sifongo ambayo kazi yake ni kuzuia vumbi, akieleza kwamba pua haihitaji pazia. Hoja yake ilikuwa na mantiki yake, kwani petroli zaidi na hewa zaidi ni moto zaidi, ila hakuna aliyekuwa anapima ni kiasi gani cha hiki kwa kiasi gani cha kile, na Kariobangi vumbi si tukio bali ni hali ya hewa. Pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita zaidi ya 45 kwa lita moja ilishuka hadi 28, na faida ya wazi ikawa ni kwamba sasa mmiliki alifahamika kwa jina katika vituo viwili vya petroli.

Mjumbe wa tatu, ambaye aliwahi kusomea ufundi kwa muhula mmoja na nusu, alipendekeza injini yenyewe ibadilishwe kwa ile ya sisi 250. Pendekezo hili halikuwa la kipuuzi kama linavyosikika, kwa kuwa pikipiki nyingi za China zinazouzwa Afrika Mashariki zina injini zilizotokana na Honda CG125 ya katikati ya miaka ya 1970, na wajukuu hao wa babu mmoja hufanana kiasi kwamba mafundi huwabadilishia viungo bila kuwaomba radhi. Tatizo ni kwamba Boxer si ya ukoo huo, kwa hiyo fremu ingekatwa na kuchomelewa upya. Tena nambari ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha umiliki, na maelezo ya mdomo barabarani huwa na bei yake. Na breki za BM150, mbele na nyuma, ni za ngoma, yaani viatu viwili vinavyopanuka ndani ya kikombe cha gurudumu, ambavyo hata kwa farasi kumi huhitaji kujulishwa mapema. Pendekezo liliwekwa kando. Ikumbukwe pia kwamba nguvu inayohitajika kuushinda upepo hupanda kwa mchemraba wa mwendo, hivi kwamba anayetoka kilomita 90 kwa saa kwenda 110 huhitaji nguvu zaidi kwa asilimia 80 na ushee kwa ajili ya upepo peke yake, jambo ambalo lingemfaa sana mmiliki kulifahamu wakati huo, kwa maana mwavuli mkubwa wa boda boda, ule unaofunika dereva na abiria mithili ya tanga la dau, ulikuwa bado umefungwa kwenye pikipiki yake na ulikwenda naye mpaka Timboroa na kurudi, kwa sababu Limuru hunyesha.

Agizo la nne ndilo lililoleta msiba, na kwa hiyo linastahili nafasi kubwa zaidi. Silinda iliyochakaa huweza kuchongwa ndani ili ipokee pistoni kubwa kidogo, na pistoni hizo huuzwa kwa hatua za robo ya milimita hadi milimita moja juu ya saizi ya kawaida. Lengo la wauzaji ni kurekebisha uchakavu, lakini steji huliona jambo hilo kama njia ya kupata sisi za bure. Hesabu si ngumu: kwa silinda ya kadiri hii, milimita moja nzima huongeza ujazo kwa asilimia tatu na nusu hivi, yaani theluthi ya farasi mmoja kati ya wale kumi, pengine kichwa na shingo. Mmiliki alikubali kulipia kichwa na shingo. Fundi wa pili alichonga silinda kwa lethi iliyokuwa na umri mkubwa kuliko baraza lote la steji, akaingiza pistoni, akaipima nafasi iliyobaki kati yake na ukuta kwa ukucha wa kidole gumba, na kutangaza kwamba imekaa kama bibi harusi. Nafasi hiyo hupaswa kuwa sehemu chache za mia za milimita, si kwa ajili ya urembo bali kwa sababu pistoni ni ya alumini na ukuta wa silinda ni wa chuma cha kalibu, na alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho, kwa hiyo bibi harusi aliyekaa vizuri asubuhi huweza kujaa chumba kizima adhuhuri.

Kwa kuwa kichwa cha silinda kilikuwa kimeshafunguliwa, fundi alishauri kisuguliwe uso wake ili chumba cha moto kipungue na mgandamizo uongezeke, ushauri ambao ni sahihi katika nadharia na ulitozwa shilingi 800. Wakati wa kufunga ikagundulika kwamba pistoni mpya, ambayo ilikuwa ya modeli nyingine, ilikuwa ndefu kidogo na ilizigonga valvu. Tiba yake ilikuwa kuweka gasketi mbili badala ya moja, gasketi ikiwa ni kile kipande chembamba kinachozuia kuvuja mahali vyuma viwili vinapokutana, na gasketi ya pili ilirudisha pengo lile lile ambalo kusugua kulikuwa kumeliondoa. Mmiliki alilipa mara mbili, mara ya kwanza kuongeza mgandamizo na mara ya pili kuupunguza, akapewa risiti moja.

Injini iliyofungwa upya huhitaji kuzoeshwa, yaani kuendeshwa polepole kwa mamia ya kilomita za mwanzo ili ringi za pistoni na ukuta wa silinda visuguane mpaka vikubaliane. Fundi alitaja kilomita 500. Mmiliki, kwa hesabu iliyomvutia kwa unadhifu wake, aliona kwamba safari ya nyumbani ni kama 400, kwa hiyo angeizoesha injini wakati wa kwenda, akabakiwa na 100 tu za kumalizia wakati wa kurudi. Alianza safari Ijumaa Kuu. Hadi Nakuru, kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, mambo yalikuwa ya kuridhisha, hata alimpigia simu mjumbe wa nne kumpa heshima zake. Baada ya Salgaa barabara ilipoanza kupanda kwa bidii, yalitokea mambo mawili kwa mpangilio huu. Kwanza hewa ilizidi kupungua ilhali lile tundu la sindano ya magunia lilizidi kumimina petroli ile ile, moshi mweusi ukatoka, na farasi wanane na nusu wa mwaka uliopita wakawa saba, wote wanakohoa. Pili, kwa kuwa mmiliki alijibu hali hiyo kwa kukaza mkono wa mafuta hadi mwisho, jambo ambalo ndilo hasa kinyume cha kuizoesha injini, bibi harusi alijaa chumba. Gurudumu la nyuma lilifunga, likachora mstari mweusi ulionyooka kwa namna ya kupendeza, kisha pakawa kimya, na mwavuli ukaendelea kupepea peke yake.

Pikipiki ilirudi Nairobi usiku ule ndani ya lori la kabichi lililokuwa likielekea soko la Wakulima, mmiliki akiwa juu ya kabichi na pikipiki kando yake, nauli ya pikipiki ikiwa kubwa kuliko yake kwa hoja kwamba yeye angeweza kushuka na kusukuma. Haikuthibitishwa kama utingo alikuwa yule yule wa Desemba, maana kulikuwa na giza, ila kamba ilikuwa tayari.

Kazi ya kuirejesha ilifanywa na fundi wa tatu, mzee asiyezungumza wakati wa kazi na ambaye kibanda chake hakina bango. Silinda iliyokwisha kuchongwa hairudishiwi chuma chake, kwa hiyo ilinunuliwa silinda mpya na pistoni ya saizi ya kawaida. Jeti ya sindano ilitupwa. Kichujio cha hewa kilirudishwa. Nafasi za valvu zilipimwa kwa majani ya chuma ya kupimia, siyo ukucha. Cheni ilikazwa na kutiwa oili. Matairi yakajazwa upepo hadi kipimo kilichoandikwa na kiwanda, ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukisoma. Nyongeza pekee iliyokubaliwa na mzee ilikuwa sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni: ya mbele ikatolewa jino moja, kutoka 14 hadi 13, hatua inayoongeza mvuto wa mpando kwa asilimia saba na nusu hivi na kupunguza mwendo wa tambarare kwa karibu kiasi hicho hicho. Iligharimu shilingi mia chache. Farasi hawaongezeki kwa njia hiyo. Huvutwa tu lijamu fupi zaidi.

Kisha mzee alivunja kimya chake na kuuliza mzigo una kilo ngapi. Swali hilo lilikuwa halijaulizwa na mtu yeyote tangu mradi uanze. Mtu, pikipiki, sanduku na gunia vilikaribia kilo 250, na kwa kuwa kupandisha kilima ni kuinua uzito, kilo 30 zikishuka, kazi ya kupanda hupungua kwa asilimia 12, ambayo ni zaidi ya kila alichokilipia mmiliki Light Industries kikijumlishwa. Kilo hizo zilipatikana kwa kuondoa sanduku la mbao, mwavuli na bandali la unga, uamuzi ambao kifizikia haukuwa na mgogoro lakini ambao kifamilia ulihitaji simu tatu, kwani mtu atokaye Nairobi bila bandali la unga hufikiriwa kuwa amefutwa kazi. Desemba iliyofuata pikipiki ilipanda Timboroa kwa kilomita 50 kwa saa bila kukohoa, na kwa mara ya kwanza ikalipita lori, ambalo lilikuwa limesimama likibadilishwa tairi.

Ile pistoni ya bibi harusi iliuzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu pamoja na kopo la vipande vingine vya mradi, kwa bei ya kilo, na kama alumini nyingine za Kariobangi iliingia kwenye tanuri la jirani. Wiki chache baadaye mke wa mmiliki alinunua sufuria mpya ya chai mtaani humo humo. Hakuna ushahidi kwamba ni alumini ile ile, lakini chai inapochelewa kuchemka asubuhi na watu wakaanza kulalamika, mmiliki huwasihi wapunguze moto, akidai kwamba sufuria hiyo haijamaliza kilomita zake 500.